Kujitolea kusaidia manusura wa ubakaji: mnasema nini hasa, na mnajilindaje msivunjike?

Zuhura_N

Habari zenu ndugu. Nimekubaliwa kujitolea kwenye kituo kinachosaidia manusura wa ukatili wa kingono. Kazi ni mbili: kupokea simu kwa zamu za urefu wa saa 4, kisha baadaye kuwasindikiza watu hospitali. Mafunzo ni ya saa 40 na yanaanza karibuni.

Naomba wenye ujuzi mnipe mambo yanayoshikika. "Oga maji ya moto, sikiliza muziki mtulivu, jipende" nimeshaisoma mpaka basi. Nataka kujua niulize nini kituoni kabla sijasaini, mtu akilia kwenye simu naanza na neno gani, hospitalini kazi yangu inaanzia wapi na kuishia wapi, na nifanye nini ili nisirudi nyumbani na mambo ya watu kichwani. Asanteni.

Kibatari

Karibu dada Zuhura. Hayo maji ya moto hayana ubaya, tatizo lake ni kwamba yanakuja mwisho, mzigo ukiwa umeshabebwa vibaya. Kujitunza katika kazi hii kunaanzia kwenye ratiba ya zamu.

Kabla ya kusaini waulize haya. Nani msimamizi wa zamu, na anapokea simu muda wote wa zamu au "ukimkosa jaribu tena"? Baada ya simu nzito unaruhusiwa kutoka kwenye laini ya simu kwa dakika ngapi? Kama jibu ni sifuri, hicho kituo kitakumaliza. Vikao vya usimamizi ni kila baada ya muda gani, na je, vinazungumzia hali yako au takwimu za simu tu? Utatumia simu ya kituo au yako? Ukitaka kupumzika mwezi mzima, utaratibu ni upi? Kituo kizuri kinajibu haya bila kukunja uso. Kikikuambia "sisi hapa ni familia, tunasaidiana tu", uliza tena, maana hapo hujajibiwa chochote.

Mwanzo usizidishe zamu moja kwa wiki. Zamu mbili au tatu za kwanza keti pembeni ya mzoefu ukisikiliza bila kuongea, zinazofuata wewe upokee yeye asikilize. Usipange zamu mbili mfululizo kwa sababu mwenzako ameugua. Watu wapya huumia sana hapo, kwa kuwa wanaona haya kukataa.

Namba yako binafsi usimpe mtu, hata akikuomba kwa machozi. Ukimpa, ataacha kukitegemea kituo akutegemee wewe. Siku simu yako imezimika, saa nane za usiku, ataona umemtupa, na hakuna mwenzako anayejua alipofikia. Sema hivi: "Namba ya kituo inapokelewa na watu waliofunzwa. Ukiridhia, nitaandika maelezo mafupi ili atakayepokea asikuulize upya tangu mwanzo." Vivyo hivyo usimpe hela yako na usimlaze kwako. Mahitaji hayo yana njia yake kituoni, na kama hayana, huo ni upungufu wa kituo. Mfuko wako hauwezi kuuziba.

NesiWaUsiku

Kibatari amemaliza upande wa kituo. Mimi niingie hospitalini, kwa kuwa huko msindikizaji asiyejua saa zinavyokwenda anaweza kumkosesha mtu matibabu bila kukusudia.

Dawa za kuzuia VVU, PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema zaidi ni bora zaidi. Saa ya 71 si sawa na saa ya 3. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kipimo cha VVU hufanywa, lakini dozi ya kwanza haitakiwi kucheleweshwa kusubiri majibu.

Kuzuia mimba kwa dharura kuna nafasi ya hadi saa 120, yaani siku 5. Kidonge cha levonorgestrel ni dozi moja ya miligramu 1.5, na nguvu yake hupungua siku zinavyosogea. Kidonge kingine, ulipristal, miligramu 30, hustahimili zaidi kuelekea siku ya tano. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku hizo 5 ndicho chenye uhakika kuliko vyote. Juu ya hayo kuna dawa za kisonono, klamidia na kaswende, chanjo ya homa ya ini B kama hajachanjwa, na ya pepopunda akiwa na majeraha. Haya unayajua ili umwambie "muda upo, twende sasa". Kuchagua na kuandika dawa si kazi yako. Na kama siku tano zimeshapita, bado aende: vipimo, majeraha na msaada wa kisaikolojia havina mwisho wa saa.

Ushahidi. Sehemu nyingi huchukua sampuli mwilini hadi saa 72, nyingine hadi 120 au zaidi. Kama bado hajaoga, hajapiga mswaki wala kubadili nguo, asubiri akiweza. Kama ameshaoga, usigune wala usivute pumzi kwa mshtuko. Mwambie aje hivyo hivyo, bado vipo vya kupatikana. Nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi, kila vazi mfuko wake. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, ukungu unaota, na vinasaba vinaharibika. Akihisi aliwekewa kitu kwenye kinywaji, mkojo wa kwanza una thamani kubwa, maana baadhi ya dawa za kulewesha hutoweka kwenye mkojo ndani ya saa 12 hivi. Akishindwa kujizuia, akojoe kwenye chombo safi aje nacho.

Hili nalirudia kwa kila msindikizaji: muulize kwa upole kama alikabwa shingo. Hata pasipo alama yoyote, sauti ikiwa imekwaruza, anameza kwa shida, kichwa kinauma, alizimia au alijikojolea, mwambie daktari papo hapo, msikae kwenye foleni. Mishipa ya shingo inaweza kuwa imeumia ndani na madhara yakatokea baada ya saa au siku.

Mkoba wako: chupi mpya za saizi mbili tatu, suruali yenye mpira kiunoni na fulana pana, ndala, pedi, tishu, chaja ya simu, kalamu, karatasi, chupa ya maji. Maji usimpe kabla ya kumuuliza muuguzi, kwa sababu kama mdomo ulihusika, sampuli huchukuliwa kwanza. Wasindikizaji huharakisha kumpoza mtu kwa kinywaji, na ushahidi unamezwa pamoja nacho.

Ndani ya chumba keti upande wa kichwa chake. Usikae kati yake na mlango. Usimguse bila kuuliza, hata bega. Akiulizwa swali na daktari, usimjibie. Anaweza kukataa kipimo kimoja na kukubali vingine, na anaweza kusimamisha uchunguzi katikati. Mkumbushe hilo kabla haujaanza, kwa sauti ambayo daktari naye anaisikia.

Usiandike simulizi lake. Andika saa ya kufika, huduma alizopata, alikopewa rufaa na tarehe ya kurudi. Daftari lenye maelezo ya tukio linaweza kuitwa mahakamani, na tofauti ya neno moja kati ya daftari lako na maelezo yake polisi ikageuzwa silaha dhidi yake. Kwa sababu hiyo hiyo usiulize "ilikuwaje". Hujui cha kufanyia jibu, na wenye kazi hiyo watamuuliza.

Mzee_wa_Laini

Nesi umenena. Sasa simu.

Swali la kwanza, kabla ya pole na kabla ya jina: "Uko mahali ambapo unaweza kuongea?" Mtu anaweza kuwa chooni na aliyemuumiza yuko sebuleni. Akisema hapana, badilisha maswali yawe ya ndiyo na hapana, na mkubaliane akikata ghafla mfanye nini. Kumpigia mwenyewe bila makubaliano kunaweza kumponza, simu ikishikwa na mwingine.

Akiwa anaongea, maneno yako yawe machache. "Nakusikia." "Si kosa lako." "Asante kwa kuniambia." "Sasa hivi unahitaji nini zaidi?" Basi. Ukimya wa sekunde 20 kwenye simu unaonekana kama dakika tano, na wapya hukimbilia kuujaza. Uache. Sema tu "nipo, chukua muda wako", halafu unyamaze kweli.

"Kwa nini" ifukuze kwenye kinywa chako. Kwa nini ulikwenda, kwa nini hukupiga kelele, kwa nini umekaa mwaka mzima: hata ukiuliza kwa huruma, masikioni mwake ni mashtaka. Kuhusu kelele, jua hili ili uweze kumweleza: mwili ukizidiwa na hofu unaweza kuganda, misuli ikagoma na sauti isitoke. Hakuchagua. Kwa wanaume kuna jingine wanaloona aibu kulisema, kwamba mwili uliitikia. Kusimama kwa uume au kutoa shahawa ni jambo la neva, si ridhaa. Mwanamume anayepiga simu mara nyingi anasubiri mtu amwambie hilo bila yeye kuuliza. Na kumbukumbu zilizokatika, zinazokwenda mbele na kurudi nyuma, ndivyo zinavyokaa baada ya hofu kubwa, usimsaidie "kuzipanga".

Usimwahidi usichokimiliki: kwamba atakamatwa, kwamba kesi itashinda, kwamba hakuna mtu atakayejua. Usiri una mipaka, na mipaka hiyo hutajwa mwanzoni. Mtoto akihusika, sheria za nchi nyingi zinalazimisha taarifa itolewe. Kumwambia hivyo baada ya kumaliza kusimulia ni kumsaliti mara ya pili.

Ukisikia dalili za kujiua, uliza moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama chombo cha kufanyia hivyo kiko karibu naye, na hapo msimamizi awe ameshapewa ishara. Si simu ya kubeba peke yako.

Kuna jambo mafunzo mengi hulipitia haraka kwa haya. Kila laini ya namna hii hupata wapigaji wachafu, wanaojifanya manusura ili wasikike wakisimulia ngono. Dalili: maelezo ya viungo yanazidi, hofu haipo, anakuuliza wewe unajisikiaje au umevaa nini, ukimgeuzia mahitaji yake anarudi kwenye tukio. Huhitaji uhakika wa asilimia mia. Sema mara moja, "Laini hii ni ya msaada. Ukihitaji msaada niko tayari, vinginevyo nakata." Akiendelea, kata, andika saa, mwambie msimamizi. Wapya hubaki kwenye simu hizi dakika 40 wakihofia kumkosea manusura wa kweli, kisha wanakaa wiki nzima wakijiona wamechafuliwa. Manusura wa kweli ukimuuliza anahitaji nini, atakujibu au atanyamaza. Hatakuuliza umevaa nini.

Tulivu

Nakubaliana na yote, naongeza moja. Baada ya zamu kaeni kikundi, kila mmoja asimulie alichosikia mwanzo mpaka mwisho, kitoke kifuani. Msiondoke nacho.

Mshauri_Asha

Samahani Tulivu, hapo napinga. Kusimuliana yote kunaeneza picha: watu watano wanaondoka na simulizi tano badala ya moja. Isitoshe, aliyesimuliwa hakuridhia watano. Na kwa manusura wenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri wasifanyiwe kikao cha kuwasukuma wasimulie tukio mara tu baada ya kutokea. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 unajengwa juu ya mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kufukua simulizi hakumo.

Badala yake, ukitaka kutua mzigo kwa mwenzako, kuna mtindo wa hatua nne. Kwanza jitambue: je, hapa nataka msaada, au nimezidiwa tu nataka kumwaga? Pili toa tahadhari: "nina jambo zito". Tatu omba ridhaa: "una nafasi sasa?", na ukubali jibu la hapana. Nne, anza na ukingo wa jambo na usimame mapema uwezavyo. "Nimepokea simu ya mtoto na imenigusa" kwa kawaida inatosha. Viungo vya mwili, vifaa na maneno ya aliyetenda ukatili hayana kazi hapo.

Sasa, Zuhura, tofautisha mambo matatu, kwa sababu dawa zake si moja. Kuchoshwa na kazi kunatokana na wingi na mazingira: zamu nyingi, shukrani hakuna, unaingia ukiwa umeshachoka. Hiyo inatibiwa kwa ratiba. Uchovu wa huruma ni pale unaposikia kilio na ndani hakuna kinachosogea, au unakasirika kwamba mtu "anarudia yale yale". Unahitaji kupumzika laini na kusimamiwa kwa karibu. La tatu ni kiwewe cha kupokea, ambacho wanasaikolojia McCann na Pearlman walikieleza mwaka 1990: si uchovu, ni kubadilika kwa namna unavyouona ulimwengu. Unaanza kumtilia shaka kila mwalimu wa mtoto wako, hupandi gari na mtu, tendo la ndoa linakuletea picha zisizo zako. Hili maji ya moto hayaliondoi, linataka mtaalamu.

Kipimo cha kujitazama kipo, kinaitwa ProQOL. Kina maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, na kinatoa alama tatu: kuridhika na kazi ya huruma, kuchoshwa, na kiwewe cha upili, yaani kile kinachotokana na kusikia yaliyowapata wengine. Kijaze kabla ya zamu ya kwanza, kisha kila miezi mitatu. Hakitambui ugonjwa. Faida yake ni kulinganisha: bila ile karatasi ya mwanzo utasema "mimi niko hivi siku zote", na hutajua kuwa hukuwa hivyo.

Wakati wa kusikiliza, zuia akili isichore picha ukiwa umejiweka wewe au mwanao ndani yake. Huko ndiko simulizi zinakokwama. Sikiliza sauti na mahitaji ya sasa, hisi nyayo zako sakafuni. Ukishaona picha inajichora, andika kwenye karatasi neno moja la huduma unayoweza kumpa.

Mwisho wa zamu tenga dakika 15 ambazo ni za zamu, si za kwako. Kamilisha maandishi. Mwambie msimamizi sentensi mbili: simu iliyonikaa ni ipi, na kuna nililoacha wazi? Chana karatasi za rasimu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoshusha mapigo ya moyo. Bado uko mbali? Taja vitu vitano unavyoona, vinne unavyogusa, vitatu unavyosikia, viwili unavyonusa, kimoja unachoonja. Kisha badili nguo au viatu hapo hapo, na kundi la ujumbe la kituo lizime sauti mpaka zamu ijayo. Hili la kundi linadharauliwa mno. Watu wanaomaliza zamu saa nne usiku na saa saba bado wanasoma "nani amejua mwisho wa ile kesi" hawajawahi kutoka kazini.

Picha na ndoto mbaya kwa siku chache si ajabu. Wiki mbili zikipita hazipungui, toka kwenye laini kwa muda na umwambie msimamizi. Ukifika mwezi, au pombe imeanza kuwa njia ya kulala, tafuta mtaalamu asiye wa kituo chako.

Zuhura_N

Asanteni sana, nimeyanakili yote. Mawili yamebaki. Nyumbani nitaulizwa "leo ilikuwaje?", na kunyamaza kunaonekana kama kuficha. Pili, je, mtu ambaye naye alishawahi kufanyiwa ukatili anaweza kufanya kazi hii, au akae pembeni?

Kibatari

La nyumbani lipange kabla ya zamu ya kwanza. Mwambie mwenzako: "Nitakuambia nimechoka kiasi gani, sitakuambia ya watu." Tumieni namba 1 hadi 10. Ukisema 8, yeye anajua usiku huo hakuna mjadala wa ada za shule, na hajasikia siri ya mtu. Ondoa pia zile simulizi zisizo na jina. Umri, mtaa na siku ya tukio vikikaa pamoja, jina limeshatajwa.

La pili: wanaweza, na wengi wanaifanya vizuri. Hesabu ya miaka iliyopita haisemi mengi. Ajiulize kama anaweza kusikia tukio linalofanana na lake akabaki na mahitaji ya aliyepiga. Ana mtu wake wa kumsikiliza nje ya kituo? Kesi yake bado iko mahakamani? Hapo asubiri. Halazimiki kumwambia msimamizi yaliyompata. Inatosha kusema "simu za aina fulani nipitishie mwenzangu", na kituo kiheshimu bila kudai sababu. Kwenye laini asiseme "hata mimi". Anayesema hivyo hutaka kumpa mwenzake moyo, lakini kinachofuata ni aliyepiga kuanza kumpoza aliyepokea, au kupima maumivu yake na kuyaona madogo.

NesiWaUsiku

Niongeze kuhusu kuondoka, maana huwa hakuulizwi mpaka siku yenyewe. Ukiona unataka kuacha, usipotee kimya. Kwa mtu unayemsindikiza kliniki, mwambie wiki mbili kabla, umtambulishe anayekupokea ana kwa ana, na hakikisha tarehe zake za vipimo vya kurudia zimeandikwa mahali anapoziona yeye mwenyewe, si kwenye daftari lako. Rudisha funguo na kitambulisho, jitoe kwenye kundi la zamu, futa namba za watu kwenye simu. Mkoba uuache umejazwa. Chupi za saizi kubwa ndizo huisha kwanza.